Chetezo cha Bi Fumiko

Salwa Shee alifika Minnesota mwaka 1991, na sijamwona akivumilia kitu kilichopinda. Nyumbani kwake, mjini Crystal, vikombe sita vya kahawa hukaa kabatini mikono yote ikielekea dirishani. Mgeni akikirudisha kimoja vibaya, Salwa huinuka papo hapo kukirekebisha.

Kwa unadhifu huo alipata kazi ya kumtunza Bi Fumiko, mama mzee wa Kijapani wa mji wa karibu wa Plymouth aliyefinyanga vyombo kwa mikono mitupu. Sikukuu ya Idi, mzee huyo akampa bakuli, la mwisho kabla vidole havijamwishia nguvu. Lilikuwa jeusi, limeinama upande mmoja, na alama ya kidole gumba ubavuni.

"Limeungua hili," akasema Harun, mumewe Salwa. "Rudisha, mama watoto, akupe lililoiva vizuri."

"Zawadi hairudishwi, bwana."

Salwa akaligeuzageuza. Jeusi, zito, halina mkono: chetezo! Tangu hapo kila Ijumaa alitia jivu, kaa la moto na udi, akafukiza nguo, huku Harun akikipepea king'ora cha moshi kwa kikoi kisilie. Bi Fumiko alipouliza kwa simu habari za bakuli, Salwa alijibu, "Nalitumia kila wiki." Uongo haukuwamo, ingawa ningependa kuupata nimkemee.

Ijumaa moja Bi Fumiko akabisha hodi, na kikopo cha chai ya kijani mkononi.

"Leo ninywe kwenye bakuli lako la chai, Salwa."

La chai! Harun akamnong'oneza, "Sema limevunjika."

Hapo ndipo ninapomheshimu. Alikwenda chumbani, akalileta vilevile, linafuka.

"Nisamehe, Bi Fumiko. Nilidhani ni la kufukizia nguo."

Mzee akalitazama. Akaugusa ukingo, akaondoa kidole haraka kwa joto. Kisha akainamisha kichwa juu ya moshi.

"Na nywele pia?"

"Nywele ndizo kwanza!"

Akacheka hadi akakohoa, na king'ora kikalia.

Chai aliinywa katika kikombe cha kahawa, akilalamika kwamba kimenyooka mno, hakina pa kuwekea kidole gumba. Alikiosha mwenyewe, akakirudisha kabatini, mkono ukielekea mlangoni.

Salwa aliinuka. Akakitazama. Akaketi.

Nilipita kwao juzi; bado kinaelekea mlangoni. Nilitaka kukirekebisha, nikakatazwa.