Binti Aliyeshika Tama

Benigna wa saluni ni jirani yangu hapa mtaani Mfaranyaki, ukuta kwa ukuta na duka langu. Nampenda, lakini akili yake haikai nyumbani. Akikusuka, kati ya mstari mmoja na mwingine keshasafiri, nawe unamsubiri arudi huku shingo imekakamaa.

Kwa hiyo sikushangaa alipotoka mnadani na picha ya kuchorwa badala ya draya ya nywele aliyoifuata. Binti wa Kizungu wa zamani, gauni la mabega ya kufura, kitabu mapajani, mkono shavuni, macho yako mbali. Akaitundika juu ya kioo.

"Mwone, anawaza mambo mazuri."

Mambo mazuri! Huku kwetu mtu akishika tama, kuna msiba. Wateja wakawa wanaingia na pole. Fundi viatu Aidani alivua kofia, akauliza wanazika wapi. Mteja mwingine, Mwanahawa, akaomba asukwe ule mtindo wa twende kilioni, ili aendane na mwenye picha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliniishia Mama Renatha alipomleta binti yake apambwe kwa harusi, akagoma mlangoni.

"Mwanangu apambwe mbele ya mfiwa? Ng'o! Itoe, la sivyo twende kwingine."

Benigna akanyong'onyea. Maharusi ndio wanaomlisha, lakini Mfaranyaki nzima ni picha ile tu ambayo haijawahi kumwambia, "Benigna, amka." Nilimwonea huruma, kusema kweli.

"Nipe mpaka kesho, mama."

Jioni akamwita Kajetani, mchoraji wa vibao vya maduka. Kulipokucha, binti wa Kizungu ana simu janja sikioni.

Mama Renatha alikodoa macho, kisha akaangua kicheko. "Kumbe anaongea na mchumba! Ndiyo maana kitabu hakioni." Renatha akapambwa, na tangu hapo kila bibi harusi anataka kiti cha chini ya picha, abishane na wenzake kama huyo bwana yuko Mbinga au Dar.

Juzi mchana nilimkuta Benigna peke yake kitini, mkono shavuni, macho hayapo.

"We Benigna, kafa nani?"

Akaninyooshea kidole ninyamaze. "Naongea na simu."

Simu yake ilikuwa dukani kwangu, inachaji. Nikatoka polepole. Mteja wake alipofika nikamwambia akae kwangu kwanza, mwenyewe bado ana maongezi.