Tone Jekundu la Sista Agata

Nilipokuwa mtoto, nje kidogo ya Kitale, tuliogopa tone jekundu kwenye paji la uso kuliko nyoka. Kukhu, bibi yetu aliyetoka Kabuchai kuja kukaa nasi, alisema hilo ni jicho la tatu: nyumba likiitazama, lazima itoe maiti. Tukikutana na mwanamke wa Kihindi barabarani, tuliruka mtaro.

Sista Agata alikuwa mtawa wa monasteri iliyopakana na shamba letu. Alipeleka maziwa mjini kwa Mama Shanta, mjane wa Kihindi, na wawili hao walizoea kuketi sakafuni kimya, macho wameyafumba, huyu na rozari, yule na shanga zake. Mama yangu alimwuliza Sista wanafanya nini.

"Tunamsikiliza Mungu," alijibu. "Yeye kwa njia yake, mimi kwa yangu."

Ndipo mdogo wangu Wafula akaugua surua. Sista alipopata habari alikuja moja kwa moja kutoka mjini na pikapu ya monasteri, ampeleke hospitali. Ilikuwa sikukuu ya Wahindi. Mama Shanta alikuwa amempaka Sista tone la rangi nyekundu kwenye paji la uso, naye akasahau kujifuta.

Kukhu alilitazama lile tone, akaziba mlango.

"Mama, mtoto anakufa. Niachie tu nimbebe."

"Ati umbebe? Si ndiyo umekuja kumchukua!"

Sista alijifuta kwa kiganja. Rangi ikasambaa. Majirani walikuwa wamefika. Wakamwangusha, wakamsugua paji la uso kwa gunzi la mahindi mpaka rangi na damu zikawa kitu kimoja. Aliyemshika mkono wa kulia alikuwa mama yangu.

"Basi mpelekeni nyinyi," Sista aliendelea kusema akiwa chini. "Gari si hilo hapo? Mpelekeni nyinyi."

Hakuna aliyejisogeza. Dereva wa pikapu aliogopa, akamwinua Sista, wakaondoka.

Wafula alikata roho jioni hiyo.

"Si niliwaambia?" Kukhu alisema matangani, na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Shuka jeupe alilotuma Mama Shanta walilichoma nyuma ya choo. Sista Agata alihamishwa, hatukumwona tena.

Kukhu nilimpenda, na alipokufa nilimlilia. Lakini nimelea watoto wangu hapa Bungoma, nimewauguza surua, na najua onyo lake lilitimia kwa sababu alilisimamia mwenyewe pale mlangoni, nasi tukamsaidia. Mama sasa ni mzee. Jamaa wakianza kusimulia jinsi Kukhu alivyoona mbali, yeye huinuka polepole, akatoka nje.