Msiba wa baba huko Kihesa: mama alikosa usingizi mpaka akasahau tunamlilia nani

Mugonile wakuu!

Huku Mbeya Wanyakyusa husalimiana hivyo asubuhi, yaani "mmelala?". Mimi Mhehe, nauza vifaa vya umeme Mbalizi, na nilikuwa naijibu hiyo salamu bila kuiwaza. Nasimulia ilivyotokea, wa kusema ni chai, nimetunga, aseme.

Baba alifariki, tukamzika nyumbani Kihesa, Iringa.

Misiba yetu mnaijua. Mfiwa anakalishwa kwenye godoro sebuleni, kila kundi likiingia linamwangukia, kilio kinaanza upya. Usiku kucha kwaya. Mama akisinzia tu, anatikiswa: "Mama Festo, wageni wa Mlandege hawa." Anaamka, analia nao.

Baada ya mazishi akaanza kubadilika. Mimi Festo, mwanae, akaniita jina la mjomba. Chakula kilipopakuliwa akasema, "Baba yenu mfunikieni cha kwake, atarudi na njaa."

Wakuu! Halii tena, anatabasamu!

Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba amechanganyikiwa, apelekwe kwa mganga. Niliogopa jamani. Nimetoka kuzika baba, na mama naye anapotea namwangalia.

Nikamwita daktari, jirani yetu. Akapima presha, sukari, malaria, vyote safi. Akauliza, "Mara ya mwisho amelala lini?"

Tukahesabu nyuma: tangu baba afariki, hajalala usiku hata mmoja.

Akatueleza kwamba ubongo umezungukwa na majimaji. Mtu akilala, nafasi kati ya seli zinapanuka, yale majimaji yanapita vizuri na kuondoa taka. Akiwa macho, mwendo wake unapungua. Akasema mengi yamepimwa kwa panya na wataalamu bado wanabishana, ila kukosa usingizi kunavuruga akili, hilo halina ubishi.

"Mwacheni alale. Akiamka hayuko sawa, hospitali haraka."

Shangazi, dada yake baba, akang'aka: "Mfiwa alale watu wanakuja kumpa pole? Watatusemaje?"

Nikamwambia, "Shangazi, hata wewe ni mfiwa. Kaa wewe."

Shangazi akajifunga khanga yake, akakaa kwenye lile godoro akapokea pole zote. Kwaya ikaambiwa ipumzike. Mtu akiinua sauti, Shangazi anamkata jicho, hata mchungaji hakupona.

Mama alilala chumbani kuanzia mchana ule mpaka jua la kesho yake.

Nilimpelekea uji. Akaniita, "Festo." Akatazama upande wa kitanda aliokuwa akilala baba, akaupapasa.

"Kumbe kweli ameondoka," akasema, ndipo akalia.

Na mimi nililia, huzuni na furaha pamoja. Mama yangu alikuwa amerudi.

Nilichojifunza: mfiwa anahitaji pole, ila anahitaji na kulala. Kwenu huko mnamruhusu? Na madaktari mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni.

Siku hizi kila asubuhi nampigia. Kabla ya habari yoyote nauliza, "Ugonile, mama?"

Anacheka. "Nimelala, Mnyakyusa wewe."