Shavu la Jirani

Jirani yangu wa Kiseke, mkaanga sangara, ana kovu la mafuta ya moto kutoka shavuni hadi shingoni. Kila mwezi huloweka rola yake ndogo yenye visindano vya kulainisha makovu kwenye kopo la spiriti, hunawa kwa sabuni, kisha huipitisha juu ya kovu taratibu bila kukandamiza, kama nesi alivyomwelekeza. Anataka lififie kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, amkabidhi mwenyewe mbele ya wageni. Jana aliniita uani, rola mkononi, akaligeuza lile shavu kuelekea jua.

"Baba Mihayo, kovu limepungua?"

"Limepungua, jirani."

"Mbona unajibu huku unaangalia kuku?"

Akairudisha rola kwenye kopo, akafunga kifuniko.

"Basi binti yangu atakabidhiwa na shangazi yake. Mimi nitakuwa jikoni, nawakaangia wageni samaki."