Mfuko Mmoja wa Kostiki

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alipika sabuni miaka thelathini na moja katika chumba cha uani chenye dirisha moja. Watu walimwita Mama Miche. Mikono yake ilijaa makovu ya kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Enzi hizo wapika sabuni walikuwa na desturi ya kuweka neno. Unakwenda kwa mwenye stoo wako, unasema, "Mwezi ujao mfuko mmoja," basi. Hakuna karatasi. Mwenye stoo alijumlisha maneno, akajua aagize mifuko mingapi kutoka ng'ambo. Siku hizi mnaita hilo utafiti wa soko, na mnalisomea miaka mitatu.

Mwaka mmoja kiwanda kikubwa cha ng'ambo kilizima mitambo, kostiki ikaadimika. Kiwewe kikaingia. Aliyehitaji mfuko mmoja akaweka neno stoo nne, achukue utakaowahi. Kila mwenye stoo akaona wateja wamefurika, bei ikapaa. Haja ilikuwa ileile. Maneno ndiyo yaliyozaana.

"Weka neno na kwingine, shemeji," nilimshauri. "Wenzako wote wanafanya hivyo."

"Wenzangu wana sufuria ngapi za kumeza mifuko minne?"

"Dobi wa hospitali hatakungoja."

Alilijua hilo. Hospitali ndiyo iliyonunua karibu miche yake yote ya sabuni, na dobi mkuu alikwisha sema: Ijumaa ikifika bila sabuni, anahamia kwenye unga wa kiwandani.

Jumatatu tukaenda stoo pamoja. Mwenye stoo, tuliyemwita Mizani kwa kuwa alitembea ameinamia upande mmoja, hakututazama usoni.

"Mama Miche, mfuko wako nimempa mwingine. Kaongeza dau."

"Umempa, au umemuuzia?"

"Dada yangu, ndiyo biashara."

"Kumbe ndiyo maana unainama! Unamfuata anayetoa zaidi."

Wapagazi wakaangua kicheko. Shemeji mwenyewe hakucheka. Ijumaa ikapita, hospitali ikaenda zake, na shemeji akabaki kufunga mlango wa uani saa nne asubuhi kama mtu aliyefiwa.

Miezi miwili baadaye mzigo ukashuka. Kila neno la uongo lilikuja na mfuko wake wa kweli. Stoo zikajaa hadi barazani, na wale wa maneno manne hawakuonekana. Kostiki nayo haivumilii kukaa. Mfuko ukitoboka kidogo tu hunyonya unyevu na kuganda kama jiwe. Mizani akaja uani mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Chukua sita, dada. Bei ya kutupa."

"Mimi nilisema mingapi?"

"Mmoja, lakini..."

"Lete mmoja. Kwa bei ya siku niliyosema."

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia bei ya siku ile ni kubwa kuliko hii, na kwamba huu si uaminifu, ni ukaidi.

"Shemeji, nataka mwezi ujao nikisema, anisikie."

Mwezi uliofuata stoo zote zilibandika tangazo: hakuna kuagiza bila malipo ya kutanguliza. Mama Miche alisimama mbele ya lile la stoo ya Mizani, akaniomba nimsomee, kwa kuwa mimi ndiye niliyejifunza kusoma. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, polepole. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akamhesabia Mizani fedha za mfuko mmoja, wala hakusema tena, "Mwezi ujao mfuko mmoja."