Ubao Uliokandwa Uani

Plaiwudi haikunjiki. Kila mwenye mdomo katika nyumba yetu ya Kariakoo aliniambia hivyo, na kila aliyeniambia alinizidishia hamu ya kuikunja. Nilikuwa natengeneza kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, uani, mimi mwanamke, mpangaji wa chumba kimoja. Sikumwomba mtu ruhusa ila bibi mwenye nyumba, aliyezeekea kazi ya kuwakanda kwa maji ya moto wanawake waliojifungua, mtaa mzima.

Ruhusa aliitoa shingo upande. Ubao wa kwanza ulipopasuka pale mbele, kayaki inapobanwa kuwa pua, akatoka na mkongojo wake. Akasema nimebakiwa na ubao mmoja; na huo ukipasuka, takataka zangu zote zitoke uani, kamba za nguo zirudi mahali pake. Akamalizia wapangaji wote wakisikia:

"Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Huo umeshakauka."

Wakacheka weee! Nilichukia, sifichi. Haya, umekauka. Si nitaulowesha?

Asubuhi nikabandika sufuria la maji jikoni. Nikachana khanga zangu mbili, hata ile niliyotunzwa na mama, wala roho haikuniuma. Nikauviringishia ubao yale matambara, nikamwaga maji ya moto, nikaanza kukaza waya wa kuzishona pande zake mbili pale puani. Ubao ukalia, ka! Nikaogopa, lakini sikuacha. Kama ni kuvunjika, uvunjike mikononi mwangu, si midomoni mwao.

Nikasikia mkongojo nyuma yangu. Nikatoa shikamoo bila kugeuka. Bibi alininyang'anya tambara.

"Unamuunguza," akasema. "Mzazi hamwagiwi maji. Unachovya, unakamua, unakandamiza, unasubiri."

Akavuta kigoda, akakanda taratibu kutoka katikati kwenda kwenye pua. Akisema kaza, nakaza. Akisema acha, naacha, nami si mtu wa kuamrishwa. Wapangaji walisimama milangoni na miswaki mdomoni. Ubao ukajikunja polepole, pande mbili zikakutana, nikafunga waya wa mwisho.

Jirani mmoja, kinara wa kucheka, akaja na beseni la nguo mbichi. Akauliza kwa kejeli sasa yeye aanike wapi.

Bibi hakuinua hata macho.

"Kaanike huko mbele," akamwambia. "Huoni uani kuna mzazi?"