Baiskeli Begani

Sifichi kwamba nina mdomo. Hata kasisi aliyetufungisha ndoa aliniambia niupunguze. Lakini mume kama Elijah wangu ukimkalia kimya, mtalala njaa huku umenyamaza.

Mwaka wa hamsini na sita tulikuwa tumeshuka kutoka Chawia, tukakaa nje ya Voi, naye akapata kazi kwenye mashine za mkonge. Huku chini si kama kwetu milimani. Njia yote ni migunga, na miiba yake haina huruma. Tairi za zamani za baiskeli yake zilichomwachomwa hadi mipira ya ndani ikakosa mahali pa kubandika kiraka, akaishia kuzijaza makapi ya mkonge. Ukiipanda baiskeli ile, meno yanagongana. Mwezi huo alichelewa mara mbili, na nyapara wao, Kitheka, akamwambia mbele ya watu kwamba akikosekana tena majina yakiitwa, lake litafutwa na mwingine ataingia. Nje ya lango walingoja wengi. Na Mable wetu ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

Basi shemeji yangu Danson, anayefanya kazi bandarini Mombasa, akatuletea tairi mbili mpya na mipira yake. Nyeusi, bado zinanuka duka! Elijah alizifunga Jumapili baada ya kanisa, akaizunguka nyumba mara moja kwa baiskeli, akashuka, akazipangusa kwa kitambaa. Nikamuuliza kama hizo ni tairi au sahani za wageni. Akaendelea kupangusa. Mtu mwenye furaha hasikii.

Jumatatu alitoka alfajiri, nami nikaona amesahau viazi vyake vya mchana. Nikashika kifurushi, nikatoka mbio pekupeku, nikijua simpati, maana baiskeli ni baiskeli. Kumbe! Kona ya kwanza tu, pale migunga inapoanza kubanana, nikamkuta. Anatembea. Baiskeli iko begani.

Nilishikwa na hasira na kicheko kwa pamoja. Nikamwuliza nani amempanda nani. Akajitetea kwamba ni siku ya kwanza, miiba ni mingi, ataipanda akifika barabara kubwa. Zikitoboka leo, nyingine zitatoka wapi? Huku akisema, macho yake hayakutoka kwenye tairi. Ilikuwa hofu tupu. Na kwa kuziogopea hizo tairi, mwanamume huyu alikuwa anakwenda kuchelewa mara ya tatu.

Hasira ikaniisha.

"Baba Mable, iteremshe," nikamwambia. "Panda, mimi nakaa nyuma. Ikitoboka nitaibeba mimi, wewe utakimbia."

"Na watu wakikuona?"

"Waone."

Tukaenda. Nimekaa kwenye keria, viazi mapajani, macho nimeyafumba, masikio nimeyatega nisikie upepo ukitoka. Mara mbili mwiba ulivunjika chini yetu na moyo ukaniruka, lakini tairi zikaendelea kunguruma mchangani. Elijah alianza kwa woga, baadaye akakaza miguu, na tulipofika barabara kubwa, nakuapia, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani.

Tulimkuta Kitheka ameshafungua daftari. Elijah akaniachia baiskeli langoni, akapenya katikati ya wenzake, na jina lake likaitwa. Akaitikia "Nipo!" kwa sauti kubwa hata watu wakacheka, na Kitheka mwenyewe akainua kichwa.

Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikapitisha kiganja kwenye tairi zote mbili. Hazikuwa na tundu hata moja. Nikageuka kurudi nyumbani, nikifuata alama zetu mchangani, nikijisikia mwepesi kama msichana. Nilipofika kwenye ile migunga, mwiba uliozikosa tairi ukanipata mimi kisiginoni. Nikakaa chini, nikauchomoa, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Na unichome tu. Mimi sikuwa na mahali pa kuitwa jina.